Udongo, Bati na Mkanda

Mimi ni mwashi, na nyumba nyingi nilizosimamisha hapa Nkungu, wilayani Rusizi, ni za udongo. Nalisema mapema kwa sababu ilipita miaka ambayo fundi wa rukarakara, yaani tofali bichi, alizungumzia kazi yake kwa sauti ya chini kama mpika pombe ya magendo. Mjini tofali hilo lilikatazwa, vijijini likavumiliwa, hadi mwaka 2019 kanuni mpya za ujenzi za Rwanda zikalirudisha kwa maandishi na kuliwekea masharti yake. Wengi waliona ni huruma ya serikali kwa mtu asiye na pesa. Mimi niliona zaidi ya huruma. Niliona sheria imefika pale ambapo sisi mafundi wa Rusizi tulifikishwa kwa nguvu asubuhi moja ya Jumapili mwaka 2008, tulipojifunza kwamba udongo haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye kona.

Kona zenyewe ni wageni hapa. Wazee wetu hawakuzijua.

Nyumba ya zamani ya milima hii ilikuwa ya duara, na haikujengwa, ilisukwa. Walichimbia miti na fito kwa mzunguko, wakaikunja juu ikutane, wakapitisha matete na kamba za maganda ya miti safu kwa safu, kisha wakaezeka kwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi. Ukuta na paa vilikuwa kitu kimoja. Miti ilitoka msituni, na msitu wa Cyamudongo uko jirani yetu. Majirani wote walikuja siku ya kuisuka, wanaume wakisuka na wanawake wakileta nyasi, na mwenye nyumba alijua deni lake ni pombe ya ndizi na ya mtama, pamoja na kwenda kwa wengine zamu yao ikifika. Babu yangu alizaliwa katika nyumba ya namna hiyo na alipenda kusema kwamba ardhi ikitetemeka, nyumba iliyumba, ikalia, ikatulia. Nilipokuwa kijana nilidhani ni maneno ya mzee anayesifu enzi zake. Ukiwa umeshika timazi na mwiko kwa muda mrefu unaelewa: kitu chepesi kilichofungwa pande zote hakina pa kukatikia.

Sitaki mtu afikiri naililia. Ndani moshi ulijaa, paa lilivuja baada ya misimu michache, viroboto walistarehe, na cheche moja ya jikoni ilitosha kumfanya mtu alale nje na watoto wake. Nasema tu kwamba ilikuwa na sifa moja, na sifa hiyo tuliipoteza bila kujua tunaipoteza.

Tuliipoteza pole pole. Mwaka 1903 Mapadri Weupe walifungua misheni ya Mibirizi, huku huku Cyangugu, kama eneo letu lilivyoitwa, mojawapo ya misheni za kwanza nchini. Pamoja na sala ikaja kalibu ya mbao, tanuru la kuchoma matofali, vigae, na nyumba ya pembe nne. Aliyesomea misheni alitaka nyumba kama ya misheni. Katekista alijenga ya pembe nne, akafuata mwalimu, akafuata karani, na baada ya muda mtu mwenye nyumba ya duara alionekana kama hajasikia habari. Lakini wengi walichukua umbo wakaacha mengine. Padri alikuwa na chokaa, mawe ya msingi na mafundi wa kupanga matofali yapishane vizuri pembeni. Mwanakijiji alikuwa na udongo mwekundu chini ya miguu yake, kalibu ya kuazima, na kiangazi cha Juni hadi Agosti kukaushia. Alisimamisha kuta nne zilizokutana kwenye kona bila kushikana. Mvua ya Machi ikija, alisiliba nyufa kwa udongo na samadi, na ukuta ukaonekana mzima.

Kejeli ni kwamba saruji haikuwa mbali. Kiwanda cha CIMERWA kilianza mwaka 1984 pale Bugarama, bondeni, ndani ya wilaya yetu hii hii ya sasa, kwa msaada wa Wachina. Malori yalipakia saruji na kupanda barabara ya msitu wa Nyungwe kuelekea Kigali. Huku milimani mfuko wa saruji ulikuwa kitu cha kanisa, shule na kaburi la tajiri. Mtu wa kawaida aliyeweza kuupata aliumalizia kwenye sakafu na kupaka mbele ya nyumba, upande unaoonekana na wapita njia.

Baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 kilichobaki katika milima mingi ni misingi tu. Waliorudi walilala chini ya mashitingi ya bluu ya mashirika ya wakimbizi, na bati likawa ndicho kitu cha kwanza ambacho familia ilikihesabu. Desemba 1996 serikali ikaamua watu wajenge kwa vijiji, imidugudu, nyumba zikiwa zimepangwa pamoja karibu na barabara badala ya kila mtu kukaa katikati ya shamba lake. Ilikuwa sheria ya mahali. Ilikuambia ujenge wapi. Ukuta wako unashikana vipi na wa pembeni yake, hilo lilikuwa lako na fundi wako, na fundi wa miaka ile alikuwa na haraka. Sisi tulilipwa kwa nyumba, hatukulipwa kwa siku.

Na hapo juu ya kuta zilizosimama kwa haraka tukaweka bati. Watu hudhani bati ni jepesi hivyo haliwezi kudhuru. Lenyewe ni jepesi kweli. Lakini tulilishikilia kwa magogo ya mikaratusi mabichi, mazito, yaliyokaa moja kwa moja juu ya udongo, na ili upepo usiling'oe wengine walilikandamiza kwa mawe.

Tarehe 3 Februari 2008, saa tatu na nusu asubuhi, ardhi ya Ziwa Kivu ilitikisika kwa ukubwa wa 5.9. Kitovu kilikuwa upande wa Kongo, kaskazini ya Bukavu. Ilikuwa saa ya ibada, na kuna waliofia kanisani. Tulikuwa bado tunatafuta watu wetu pale mtikisiko mwingine mkubwa ulipokuja, saa saba mchana ikikaribia. Huku Rwanda walikufa zaidi ya watu 30, wengi wao Rusizi na Nyamasheke. Hospitali ya Bushenge iliharibika hata ikabidi ijengwe upya. Haikuwa mara ya kwanza, Kalehe ng'ambo ya ziwa ilitikiswa kwa ukubwa wa 6.2 Oktoba 2002, na haikuwa ya mwisho, maana Agosti 2015 Bukavu ilipigwa tena. Tunaishi juu ya ufa, hakuna namna nyingine ya kulieleza.

Siku zilizofuata niliitwa nyumba baada ya nyumba kusema kama ukuta utarudiwa au utabomolewa. Mtu akiona kuta nyingi kwa wakati mmoja huanza kuona zinavunjika kwa mtindo uleule. Ufa ulianzia juu, penye kona, ukashuka wima kama mtu ameukata kwa msumeno, na kuta mbili zikaachana, kila moja ikaanguka upande wake. Ile pembetatu ya matofali chini ya paa, upande wa ubavu wa nyumba, ndiyo iliyotangulia karibu kila mahali, kwa sababu imesimama juu peke yake na haijashikwa na chochote. Na penye gogo la paa lililokaa juu ya ukuta mtupu, gogo lilikuwa limesukuma tofali la juu nje. Sasa, jambo lililoninyima usingizi ni hili: majengo ya matofali ya kuchoma yalipasuka kwa mtindo huo huo. Na zilikuwepo nyumba za rukarakara zilizobaki, kuukuu, zenye kuta nene, fupi, madirisha madogo yaliyo mbali na kona, na mbao iliyozunguka juu ya ukuta ambayo mzee fulani aliiweka kwa sababu zake. Aina ya tofali haikueleza chochote. Kufungwa kulieleza kila kitu.

Lakini mazungumzo ya nchi yalikwenda kwingine. Mwaka 2010 na 2011 ikaja kampeni ya kumaliza nyakatsi, nyumba za nyasi. Umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ukageuka siku ya kusomba udongo na kupandisha mabati. Nilishiriki na ninaikubali nia yake, maana nimeshasema nilivyoijua nyumba ya nyasi. Kuna waliong'olewa paa la nyasi kabla bati halijafika, wakapigwa na mvua, hasa wale ambao kiserikali wanaitwa walioachwa nyuma na historia. Hilo lilisemwa wazi wakati ule na halifai kusahaulika. Mimi kama fundi nilikuwa na shaka ya aina nyingine. Tulikuwa tunaondoa nyumba ya mwisho isiyoweza kumponda mtu, na badala yake tunasimamisha kuta nne za udongo kwa haraka ileile ya zamani, miaka 2 tu baada ya tetemeko. Paa lilihesabiwa. Kona hazikuhesabiwa.

Sheria za kuta zilikuja baadaye. Mei 2012 ikatoka sheria ya mipango miji na ujenzi. Mwaka 2015 zikafuata kanuni za ujenzi za taifa, na mwaka 2019 zikaandikwa upya. Rusizi iliwekwa kati ya miji 6 ya kuisaidia Kigali, kwa hiyo watu wa mjini, Kamembe, walianza kuulizwa mambo ya vibali mapema kuliko sisi wa milimani. Leo hata Nkungu huanzi kuchimba msingi bila karatasi. Kwanza hati ya kiwanja, ile yenye namba inayoanza na 3/06 kwa kila ardhi ya Rusizi, tangu kila shamba nchini lilipopimwa na kuandikwa. Halafu mpango wa matumizi ya ardhi unasemaje: makazi, kilimo, au msitu. Halafu kibali. Mzee mmoja aliniuliza kwa nini aombe ruhusa ya kujenga mahali alipozaliwa. Nilimjibu, "Mzee wangu, ruhusa si ya kuzaliwa, ni ya mteremko." Hakucheka. Baada ya mafuriko na maporomoko ya Mei 2023 yaliyoua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini mwa nchi, swali hilo silisikii sana.

Kuhusu rukarakara, masharti ya sasa kwa kifupi yanataka nyumba ya chini tu, isiyo na ghorofa, tofali lililotengenezwa kwa kipimo, na ujenzi unaofuata utaratibu. Maneno machache, lakini ndani yake mna kazi. Udongo nauchagua kwa kuuviringisha kiganjani: ukikatika upesi una mchanga mwingi, ukinyooka kama mkia wa panya una mfinyanzi mwingi na utapasuka ukikauka. Wa huku kwetu una mfinyanzi mwingi, kwa hiyo nauchanganya na mchanga wa mtoni na nyasi zilizokatwakatwa, unakanyagwa, unalala. Tofali likikauka kivulini majuma kadhaa naliangusha kutoka usawa wa kiuno. Likivunjika vipande vingi, rundo zima linarudi shimoni. Msingi ni wa mawe na lazima upande juu ya ardhi, na kati yake na tofali la kwanza inapita nailoni nzito ya kuzuia unyevu. Paa litokeze nje ya ukuta vya kutosha, maana tofali bichi linakufa kwa maji kabla ya kufa kwa kitu kingine.

Na juu ya yote, mkanda. Zege linalozunguka nyumba nzima bila kukatika, juu ya milango na madirisha, ndani yake nondo 4 zilizofungwa kwa ringi. Kwenye kona nondo haikatwi, inakunjwa na kuendelea angalau urefu wa mkono upande wa pili. Hapo ndipo ninaposimama mwenyewe, sipeleki msaidizi. Kabla zege halijashika naacha vipande vya waya vikitokeza kila penye mti wa paa, ili mti ufungwe kwenye mkanda badala ya kulazwa tu. Ile pembetatu ya ubavuni siijengi tena kwa tofali. Naiziba kwa mbao au bati. Ukuta unakaa chini ya mkanda, paa linashikwa na mkanda, na kwa mara ya kwanza tangu Mibirizi nyumba ya mkulima wa Nkungu ina vitu vilivyoshikana pande zote.

Ng'ambo, Bukavu, ambako nimefanya kazi, mafundi wanayajua haya kama mimi. Mradi wa Waswisi uitwao PROECCO ulifundisha pande zote mbili za mpaka kupanga tofali la kuchoma lenye nafasi ya kupitisha nondo, na nyumba zake ni nzuri. Tofauti iko kwa anayepita kukagua, na kwenye mteremko ambao watu wanazidi kuubebesha nyumba juu ya nyumba.

Kwetu tatizo lililobaki ni bei. Udongo ni wa bure, kazi inakopesheka, lakini nondo na saruji zinataka fedha mkononi, hata kama kiwanda cha CIMERWA kiko bondeni. Kampuni ya PPC ya Afrika Kusini ilipokishika kiwanda, kikapanuliwa kufikia tani 600,000 kwa mwaka, tukasema bei itashuka. Mwaka 2024 kikaenda kwa Wakenya, tukasema tena. Kwa hiyo mteja akifika kwenye usawa wa madirisha, ndipo fedha zinapokwisha na ndipo majadiliano yanapoanza. Mama mmoja mjane, msimu uliopita, alikuwa na mabati yake tayari yamepangwa chini ya mgomba, mapya, yanang'aa, na fedha za nondo hana. Akaniomba tuezeke kwanza, mkanda tuuweke mwakani. Nikamwambia, "Mama, mkanda hauingii chini ya paa lililokwisha kukaa. Bati ndilo lisubiri." Alikasirika, akaenda kwa katibu mtendaji wa sekta kunishtaki kwamba namcheleweshea nyumba, akarudi na jibu lilelile. Aliuza mabati 6 akanunua nondo. Tulifunika kuta kwa shitingi hadi mavuno ya maharage, na chumba kimoja bado hakijaezekwa.