Mega Nne Tu

Wengi wetu hapa Nyankunde tunajua ruta kama kisanduku chenye kuwaka taa, basi. Mimi pia, mpaka siku nilitaka ruta yangu ya zamani isome unyevu wa udongo katika shamba la maharagi. Programu moja ndogo ilikosekana, na koneksyo haikuwepo. Ndipo nikajiuliza: programu inaingiaka namna gani katika mashini ndogo hivi?

Historia haianzi na ruta. Mwaka 2000 Compaq ilitoa iPAQ, kompyuta ya mkononi. Watu wa Handhelds.org wakaiwekea Linux. Dpkg ya Debian ilikuwa nzito kwa chombo kile, wakatengeneza ipkg: mawazo ni yale yale, mzigo ni mwepesi.

Mwaka 2003 ikajulikana kwamba ruta WRT54G ya Linksys iko na Linux ndani. Leseni ya GPL inasema: ukigawa programu hiyo, utoe na msimbo wake. Watu wakadai, kampuni ikatoa. Mwaka 2004 OpenWrt ikazaliwa.

Hapa nikae kidogo. Ruta ile ilikuwa na mega 4 tu za kuhifadhi. Picha moja ya simu yako inaweza kuzimaliza. OpenWrt ikaweka msingi mdogo uliobanwa, usioandikwa juu yake, na nafasi yenye kubaki ikawa ya pakiti unazochagua mwenyewe. Ni kama mbegu: hauchukui depo nzima, unachukua ya shamba lako. (Kufuta pakiti ya msingi hakuongezi nafasi hata kidogo. Wengi wanadanganyika hapo, nami nilikuwa mmoja wao.)

Mwaka 2005 Linksys ikapunguza hifadhi kuwa mega 2 na kuondoa Linux. Wapenzi wake wakauziwa WRT54GL. Baadaye Openmoko, watu wa simu huria, wakatoa opkg ndani ya ipkg, na OpenWrt ikaichukua.

Opkg inatafutaka pakiti kwenye intaneti. Sisi tunakumbuka 31 Desemba 2018, intaneti ilivyokatwa nchi nzima kwa siku nyingi. Lakini pakiti ni faili tu, inabebeka kwa kle. Nikaenda Bunia, nikaikopi, nikarudi. Ikakataa: ilitegemea pakiti ingine nisiyobeba! Nikapanda moto tena.

Sasa niko na kle yenye pakiti zote za toleo lile. Mwenye kuhitaji aje na ruta yake, ila aangalie kwanza shipu yake ni ya aina gani.