Jicho, Mkono na Istilahi: Upimaji wa Watoto

Amani, katika milima ya Usambara, ilijulikana kwa utafiti tangu mwaka 1902, Wajerumani walipoanzisha huko taasisi ya biolojia na kilimo. Baadaye malaria ikachunguzwa hapo kwa hadubini. Upimaji wa jicho la mtoto una historia nyingine. Mwaka 1938 Lauretta Bender, wa Marekani, alitoa kipimo cha kunakili michoro tisa; Marianne Frostig akafuata na chake katika miaka ya 1960. Vyote viwili vilimtaka mtoto ashike penseli.

Hapo ndipo penye kasoro. Mwaka 1979 Robert Serpell alichapisha ulinganisho wa watoto wa Lusaka na wa Manchester. Wa Manchester walishinda kwa penseli, wa Lusaka wakashinda kwa kukunja waya, na kwa udongo wakawa sawa. Aliyepata kuona magari ya waya ya watoto wetu hatashangaa.

Basi tukikiita kipimo hicho "uwezo wa kuona", mtoto wa Amani asiyezoea penseli ataandikwa kuwa haoni, au ni mjinga. Kuona ni kazi ya jicho. "Utambuzi wa macho" ni kazi ya ubongo kuyapa maana yaonekanayo. "Uratibu wa jicho na mkono" ni jambo la tatu. Kipimo cha Kilifi, Kenya, kilichochapishwa mwaka 2008, kiliutenga uratibu huo na mwendo wa mwili, kikatumia vifaa vipatikanavyo papo hapo. "Uratibu" wafaa kuliko "ulinganifu", neno lililokwisha kubeba maana ya kufanana.