Kanieneo Sebuleni

Hakuna mtaa wa Dar es Salaam usiolijua neno tuisheni. Huko Uingereza lilikotoka hubeba mambo mawili, kufundisha na pesa inayolipwa kwa kufundishwa. Sisi tulichukua la kwanza tu, tena tukalipunguza: kwetu tuisheni ni masomo ya nje ya ratiba ya shule, jioni, Jumamosi, likizo. Pesa tukaiachia neno ada, au karo ukishavuka Namanga. Wanafunzi nao wana lao, pindi. "Leo kuna pindi la kemia." Ni kipindi kilichovuliwa ki- yake, na kwa Kiswahili kitu kikivuliwa ki- huwa kikubwa. Ndivyo ilivyo kweli, maana kipindi cha shule ni dakika 40, ilhali pindi huanza baada ya alasiri na adhana ya magharibi hulikuta bado linaendelea.

Ada inastahili kutazamwa vizuri. Kwa Kiarabu ni desturi, mazoea, na kwa Waswahili pia ilianza hivyo: kile ambacho mila inasema kungwi, fundi au mwalimu wa chuo apewe. Mwanagenzi akimaliza kujifunza ufundi alimpa fundi wake kilemba, na mara nyingi kilemba hicho hakikuwa kitambaa cha kuvaa kichwani, kilikuwa fedha. Kwa hiyo haya ya kuyataja malipo ya mwalimu kwa jina lake si ya jana. Leo mzazi wa Sinza humrushia mwalimu pesa kwenye simu, kisha humwambia mlangoni, "Hiyo ya nauli, mwalimu." Nauli yenyewe ingemfikisha Morogoro na kumrudisha. Wote wawili wanajua, na hakuna anayemdanganya mwenziwe. Neno hili lina adabu, lakini lina hasara pia, kwa sababu ada hupangwa na nauli hupewa. Mwezi ambao mzazi amebanwa, nauli hupungua, na mwalimu hana pa kuanzia kuuliza. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba siku ya kwanza litamkwe neno ada, pamoja na tarakimu zake, halafu nauli na soda zije zenyewe kama ihsani.

Huyo mwalimu mara nyingi ni nani? Ni mtu wa uzamili. Asubuhi yuko chuo kikuu, Mlimani, kwenye maabara ya kemia au mbele ya msimamizi wake wa utafiti, na huko jina lake ni mwanafunzi. Jioni anapokelewa kwa "Shikamoo, mwalimu" na kijana wa kidato cha tatu anayemkaribia kimo. Wanafunzi wa shahada ya kwanza wenye mkopo wana bumu lao. Wengi wa uzamili hawana, na pindi la fizikia ndilo linalolipa chumba. Shangazi aliyekwishasahau tofauti ya shahada na shahada hataki maelezo. Anauliza tu, "Utasoma mpaka lini?" Naye halaumiki sana, kwa kuwa majina yenyewe hayamsaidii. Kwa Kiarabu zamili ni mwenzi wa kazi au wa masomo, kwa hiyo uzamili una sauti ya ushirika. Uzamivu umetoka kwenye kuzama, kazi ya mzamivu anayefuata lulu chini ya maji, na Kenya huandika uzamifu. Mmoja ni mwenzi, mwingine yuko chini ya maji, na shangazi amebaki ufukweni na swali lake.

Kazi yenyewe, hasa, ni ya maneno. Shule za msingi za serikali hufundisha sayansi kwa Kiswahili. Kidato cha kwanza lugha hugeuka kuwa Kiingereza, somo ni lilelile na mtoto ni yuleyule. Nusu ya tuisheni ya sayansi Tanzania ni kuokota kilichoanguka pale kwenye kugeuka. Ndiyo maana mwalimu wa tuisheni, kuliko hata mwandishi wa kamusi, huona kila siku ni istilahi ipi inafanya kazi na ipi imelala kitabuni.

Kanieneo inafanya kazi. Nalipenda neno hili kuliko yote tuliyotungiwa. Limeungwa kwa kani na eneo, na kanuni nzima imo humo: chukua kani, igawe kwa eneo. Muulize kijana kwa nini dada aliyevaa mchuchumio anazama kwenye mchanga wa Coco Beach, na mwenzake mwenye kilo zilezile, aliyevaa ndala, anapita bila shida. Aliyelishika neno hujibu mwenyewe kwamba kani ni ileile ila eneo la kisigino ni dogo. Jina la Kiingereza halimpi msaada huo. Analikariri tu, na kanuni analazimika kuikariri mbali nalo. Ukimwuliza kipimo chake, nacho kinatoka humohumo: nyutoni moja juu ya mita moja ya mraba, ndiyo paskali.

Shida ni kwamba mtaani dhana hiyohiyo ina majina mengine, na hakuna aliyemwambia mtoto kuwa ni ndugu. Bibi "ana presha", na hapo presha ni ugonjwa wala si kipimo. Bango la hospitali linaandika shinikizo la damu. Kijana wa bodaboda anasema tairi "haina upepo". Kitabu cha shule kina neno la nne, la Kiingereza. Mwalimu mwenye akili huanzia kwa bibi. Ile 120 kwa 80 iliyoandikwa kwenye kadi yake ni milimita za zebaki, na hewa ya Dar es Salaam, hapa usawa wa bahari, huinua zebaki kwenye mrija kiasi cha milimita 760. Ghafla kadi ya kliniki, pampu ya bodaboda na swali la mtihani vinakaa meza moja. Pindi kama hilo halihitaji kurudiwa.

Tungamo ni kisa kingine. Neno ni zuri, limetokana na kutungama, kama damu inavyotungama, na linasema juu ya kitu kilichoshikamana ambacho hakipungui hata ukihamia nacho mwezini. Lakini dukani tunauliza uzito na tunajibiwa kwa kilo, wakati mwanafizikia anasema kilo ni tungamo na uzito ni kani, hupimwa kwa nyutoni. Mfuko wa sukari wa kilo moja una uzito wa nyutoni 9.8 hivi hapa duniani, na mwezini kama sehemu moja ya sita ya hapo, na sukari ni ileile. Mtoto anaielewa hoja ya mwezi upesi sana. Kinachomshinda ni kulikubali neno, kwa sababu hajawahi kulisikia kinywani mwa mtu. Tungamo huhitaji kuelezwa mara mbili, na wiki inayofuata mara ya tatu.

Na mwendokasi tumenyang'anywa. Lilikuwa neno safi la hesabu za darasa la sita: umbali gawanya kwa muda. Mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yakaanza safari Dar es Salaam, na mji ukayapa jina hilo. Sasa mwambie mtoto wa Kimara atafute mwendokasi, naye anaona basi. Siwezi kulaumu mji kwa kulipenda neno, na mzaha unafundisha: mwendokasi iliyosimama kituoni mwendokasi wake ni sifuri. Kwa mchapuko, yaani kuongezeka kwa kasi, hakuna ushindani wa namna hiyo, na yeyote aliyewahi kusikia ngoma ikichapuzwa ameshaelewa nusu ya somo.

Kuna wazazi wanaosema Kiswahili cha nini, mtihani ni wa Kiingereza. Wana haki ya kuuliza, kwa kuwa kijana atakayeandika "kanieneo" kwenye karatasi ya fizikia ya kidato cha nne atakosa alama. Kwa hiyo pindi halimaliziki hadi wazo lirudishwe kwenye Kiingereza, kwa maandishi, kwa mkono wa mtoto mwenyewe. Lakini anayerudisha wazo ana kitu cha kurudisha. Aliyekariri neno la kigeni peke yake hana.

Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilichapa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Waliozaliwa mwaka huo sasa wana watoto wanaosoma tuisheni. Wahariri wa toleo lijalo, wakitaka kujua maneno gani yabaki na yapi yatungwe upya, wasiishie kwenye kikao cha wataalamu. Wawaite wanafunzi wa uzamili wanaofundisha majumbani, Sinza, Mwanza na Arusha, wawaulize ni neno lipi mtoto hulielewa kabla hajaelezwa. Nasi tunaofundisha tuanze kuyaandika sasa, neno kwa neno, kwenye daftari lilelile la hesabu za nauli.