Kichwa Kikigoma Moro: Kutoka Moto wa Mjerumani Hadi Ngedere wa SGR

Mwishoni mwa Julai 2024, treni ya umeme ya SGR ilikuwa ndiyo kwanza imeanza safari za Dodoma na uzinduzi rasmi wa Agosti 1 ulikuwa unanukia. Mara treni ikazima katikati ya safari, porini, umeme hakuna. TRC wakatoa taarifa: waliosababisha hitilafu ni ngedere na bundi. Basi mitandao ikawaka. Ngedere akawa staa wa wiki nzima.

Ila ukiacha utani pembeni, taarifa ile ilikuwa na kitu cha kifundi ambacho wengi walikiruka. Kichwa cha treni hakikuwa kibovu. Nyaya za juu ya SGR zinabeba volti 25,000, na mnyama akijiunganisha kati ya waya na nguzo, umeme unapata njia ya mkato ya kwenda ardhini. Mfumo unajikata wenyewe kujilinda, kama sakiti breka ya nyumbani pasi ikipiga shoti. Mota nzima, magurudumu mazima, abiria wamekaa, na hakuna kinachozunguka.

Kwa anayeijua reli ya Morogoro, hiyo wala si stori mpya. Ni zaidi ya miaka 100 sasa vichwa vinagoma kwenye mji kasoro bahari, na mara nyingi mno shida haikuwa kwenye mashine. Ilikuwa kwenye kile kinachoifikia mashine, au kwenye njia kinayopita.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na mwishoni mwa 1907 treni ikafika Morogoro, chini kabisa ya milima ya Uluguru. Vichwa vya wakati ule vilikuwa vya mvuke, havina mota wala waya. Vilitaka vitu viwili tu: moto na maji. Moto ulikuwa wa kuni. Maji, kwa Morogoro, hayakuwa tabu, maana mito inashuka yenyewe kutoka Uluguru. Ngoma ilikuwa mbele huko, reli ilipoingia Ugogo kwenye ukame. Kichwa cha mvuke kikikosa maji hakisimami tu, boila yenyewe inaweza kuungua au kupasuka. Ndiyo maana dereva wa enzi hizo, kabla ya kugusa chochote, alitazama kwanza kioo cha kupimia maji.

Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka huohuo Vita Kuu ya Kwanza ikaanza. Hapo sasa ndipo Morogoro iliposhuhudia mgomo mkubwa kuliko yote.

Agosti 1916 majeshi ya Waingereza, wengi wao wakitokea Afrika Kusini, yalikuwa yanakuja kwa kasi kutoka kaskazini. Wajerumani wakaona mji hauzuiliki. Waliondoka wakizunguka milima ya Uluguru kuelekea Kisaki, na hawakuacha reli ikiwa salama. Madaraja yalilipuliwa, vichwa na mabehewa vikaharibiwa makusudi. Waingereza walipoingia mjini Agosti 26, reli walikuwa nayo, treni hawana.

Fundi wa kawaida angekimbilia kukarabati vichwa. Wahandisi wa jeshi waliangalia njia kwanza. Waligundua kuwa hata wakipata kichwa kizima, hakitapita, kwa sababu madaraja waliyokuwa wanayaunga harakaharaka hayakuwa na uwezo wa kubeba uzito wa injini ya mvuke. Wakafanya kitu ambacho leo kingeitwa ubunifu wa mtaani: walichukua malori ya petroli, wakayavua matairi, wakayafunga magurudumu ya chuma na kuyapandisha kwenye reli. Lori likawa kichwa cha treni. Mizigo ikaanza kusogea tena wakati madaraja yakiendelea kuimarishwa.

Lakini malori hayo yalibeba kidogo, na nje ya reli hayakusaidia kitu. Vita ilikuwa imehamia upande wa pili wa Uluguru, na mvua nazo hazikuwa mbali. Sasa mzigo wa treni nzima unabebwa na nani? Na binadamu. Pande zote mbili zilikusanya wanaume kwa maelfu, wengi kwa nguvu, wakabeba unga, risasi na majeruhi, vichwani na mabegani. Makumi ya maelfu yao walikufa, na waliouawa na njaa na magonjwa walikuwa wengi kuliko waliopigwa risasi. Wengi hawana hata kaburi lenye jina. Kwa Kiingereza kikosi chao kiliitwa "Carrier Corps", na ulimi wa Dar ukalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Ndiyo, Kariakoo hiyohiyo unayokwenda kununua viatu. Sanamu ya Askari pale Posta, iliyozinduliwa 1927, inawataja wapagazi kwenye maandishi yake, ila aliyesimama juu ni mwenye bunduki.

Baada ya hapo mvuke uliendelea kwa miongo mingi, kisha dizeli ikaja ikatawala. Na hapa kuna kitu watu hawakijui: kichwa cha dizeli cha Reli ya Kati nacho kinasukumwa na umeme. Injini ya dizeli haizungushi magurudumu. Inazungusha jenereta, jenereta inazalisha umeme, umeme unakwenda kwenye mota zilizofungwa chini, kwenye ekseli. Kwa hiyo unaweza kukuta injini inanguruma mpaka madirisha ya stesheni yanatetemeka, na treni haisogei hata inchi.

Mafundi wa karakana ya reli pale Morogoro wamekula chumvi nyingi na tatizo hilo. Hawafumui injini kwanza. Kama mota moja inavujisha umeme kwenye bodi, ulinzi unakata zote, kwa hiyo wanazitenga mojamoja mpaka wampate mkorofi. Akitengwa huyo, nyingine zinaweza kuendelea na safari taratibu. Mota zenyewe ziko chini sana, karibu na tuta, kwa hiyo vumbi na maji ni maadui wa kila siku. Mafuriko ya Kilosa ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalisomba tuta la reli lenyewe, lakini hata maji yaliyosimama tu juu ya reli yanatosha kumfanya dereva asithubutu kupita.

Halafu kuna kaboni. Ukishapeleka drili au blenda kwa fundi akakwambia "kaboni zimeisha", basi unaijua. Mota za vichwa vya dizeli vya zamani zinatumia vipande vya kaboni vinavyosugua kitovu cha shaba ili kupitisha umeme. Vikiisha, au shaba ikijaa masizi, mota inalala.

Treni ndogo ya umeme ya kuchezea, ile inayozunguka kwenye reli za mezani, nyingi zina mota ya aina hiyohiyo, kaboni na shaba vyote vimo. Umeme wake, takriban volti 12, unapita kwenye reli, unapanda kwenye magurudumu, unafika kwenye mota, unarudi kwa reli ya pili. Ikigoma, watu wanakimbilia kusema mota imeungua na kutafuta nyingine. Tulia kwanza. Chukua betri ya volti 9 na vipande viwili vya waya, gusisha moja kwa moja kwenye ncha mbili za mota. Ikizunguka, mota haina kosa: futa reli na magurudumu kwa kitambaa chenye spiriti, kisha kagua nyaya kama kuna uliochomoka. Isipozunguka, angalia kama nywele au grisi iliyoganda imekaba gia, halafu kaboni. Ukimaliza hayo yote na bado imelala, hapo ndipo utafute mota nyingine.