Kwa Nini Sheria ya Afya Ni Ngumu Kufutwa

Huenda, msomaji, ukadhani kuwa kufuta sheria ni kazi nyepesi kuliko kuitunga. Kuitunga kwataka wataalamu, mijadala na miezi mingi ya kusahihisha maneno. Kuifuta, wadhani, kwataka mstari mmoja tu usemao kwamba sheria fulani imekoma. Kwa sheria nyingi ndivyo ilivyo. Lakini iko namna moja ya sheria ambayo, ikisha kukaa miaka mingi, hushika mizizi kama mwembe wa uani: nayo ni sheria iliyoingia mfukoni mwa mfanyakazi na kitandani mwa mgonjwa. Kenya ilikuwa na sheria ya namna hiyo. Bunge lilijaribu kuiondoa mwaka 2004 likashindwa, na mahali pake hapakushikwa na nyingine mpaka mwaka 2024. Yafaa tuchunguze ni nini kilichoizuia kazi hiyo kwa miaka 20.

Ili tuelewe vizuri, tuutazame mtaa mmoja wa Nairobi, yaani Kawangware. Mtaa huu uko upande wa magharibi wa jiji, katika sehemu za Dagoretti, na umepakana na Lavington, mtaa wa nyumba kubwa na bustani. Kila asubuhi watu wengi wa Kawangware huvuka kwenda Lavington kufua, kupika na kulinda malango. Wengine hubaki mtaani kuuza mboga, kushona nguo, kuchomelea vyuma na kuendesha bodaboda. Watu hawa hufanya kazi tangu alfajiri hata usiku, lakini walio wengi hawana karatasi ya mshahara. Pato lao ni la siku, na siku nyingine halipo. Likumbuke sana jambo hili, msomaji, maana ndilo litakalotufungulia sehemu ya mwisho ya habari yetu.

Sheria ya kwanza ya bima ya hospitali ilitungwa mwaka 1966, miaka mitatu tu baada ya Uhuru. Ilianzisha Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, ambayo Wakenya waliizoea kwa herufi zake nne, NHIF. Aliyepata mshahara wa shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi alikatwa shilingi 20, naye akilazwa hospitali, Hazina ilimsaidia kulipa. Mwenye karatasi ya mshahara alikatwa kabla hajaishika fedha yake. Yule asiye na karatasi hakuwamo kabisa; mlango ulifunguliwa kwake mwaka 1972, aingie kwa hiari akitaka.

Sasa tazama jambo la ajabu. Sheria hiyo ya 1966 ilifutwa mwaka 1998, ikawekwa nyingine iliyoifanya Hazina kuwa shirika la umma lenye bodi yake. Kwa nini kufutwa huko hakukutikisa nchi? Sababu ni kwamba mfuko wa mwananchi haukuguswa. Makato yaliyowekwa mwaka 1990, ya shilingi 30 hadi 320 kwa mwezi, yalibaki vilevile. Nyumba ilipewa msimamizi mpya, lakini kodi haikubadilika wala mpangaji hakuhamishwa. Hili ndilo funzo letu la kwanza: ugumu wa kufuta sheria haumo katika karatasi yake, umo katika maisha ya watu yaliyojengwa juu yake.

Mwaka 2004 mambo yalikuwa tofauti. Waziri wa Afya, Bi. Charity Ngilu, alipeleka Bungeni mswada wa kuiondoa NHIF na kuweka hazina mpya ambayo ingemtibu kila mkazi wa Kenya, tajiri na maskini. Bunge liliupitisha. Lakini Rais Mwai Kibaki alikataa kuutia sahihi, nao haukuwa sheria. Waliokuwa na shaka walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na yake. Wizara ya Fedha iliuliza gharama ya kuwatibu wasioweza kulipa itatoka wapi. Waajiri na vyama vya wafanyakazi waliogopa makato makubwa zaidi. Makampuni ya bima ya watu binafsi yaliona biashara yao ikitishwa. Watu wa Kawangware, ambao wangefaidi zaidi, hawakuwa na chama kikubwa cha kuwasemea, wala hawakuweza kugoma. Muuza mboga akigoma, hugoma dhidi ya sufuria yake mwenyewe.

Wazee wetu walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Maana yake ni kwamba usikitupe kilicho chako, hata kikiwa kimechakaa, kwa ajili ya kizuri kinachopita tu. Methali hii ndiyo siasa yote ya jambo hili. Aliyekatwa fedha miaka mingi alilaumu Hazina kwa mengi, lakini aliijua. Hazina mpya aliiona katika hotuba tu. Hata kubadilisha viwango vya makato, bila kuifuta sheria yenyewe, kulikuwa shida. Viwango vipya vilitangazwa mwaka 2010, vyama vya wafanyakazi vikaenda mahakamani, na havikuanza kutumika hata mwaka 2015. Ndipo makato yakawa shilingi 150 hadi 1,700 kwa wenye mishahara, na shilingi 500 kwa mwezi kwa wanaojilipia.

Usidhani kwamba haya ni ya Kenya peke yake. Huko Marekani, Rais Barack Obama alitia sahihi sheria kubwa ya bima ya afya mwezi wa Machi 2010, na chama cha upinzani, Republican, kikaapa kuifuta. Kwa miaka saba kiliwaahidi wapiga kura jambo hilo. Mwaka 2017 kilikuwa na Rais na mabaraza yote mawili ya Bunge mkononi mwake. Kwa hesabu ya vichwa, kazi ilikuwa imekwisha. Lakini tarehe 28 Julai 2017 mswada wa kufuta sehemu za sheria hiyo ulianguka katika Seneti kwa kura 51 dhidi ya 49, maana maseneta watatu wa chama hichohicho, John McCain, Susan Collins na Lisa Murkowski, waliukataa. Mamilioni ya watu walikuwa wamekwisha kupata bima kwa sheria ile, na kila mbunge aliulizwa kwao: ukitunyang'anya hii, utatupa nini? Jibu la kuridhisha halikupatikana.

Turudi kwetu. Tarehe 19 Oktoba 2023 Rais William Ruto alitia sahihi Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii, iliyoifuta sheria ya NHIF na kuweka Mamlaka mpya, SHA. Safari hii Bunge na Rais walikuwa na nia moja. Je, vizuizi vilikwisha? La, vilihamia mahakamani. Katiba ya mwaka 2010 yaagiza wananchi washirikishwe katika kutunga sheria, nayo yampa kila mtu haki ya kupata afya bora iwezekanavyo. Mwezi wa Novemba 2023 Mahakama Kuu iliisimamisha sheria mpya. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa iliiruhusu iendelee, lakini ikavizuia vifungu ambavyo vingemnyima huduma za Serikali mtu asiyejiandikisha na kulipa. Tarehe 12 Julai 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba sheria hiyo ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, ikatoa siku 120 za kurekebisha. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikausitisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza kazi.

Angalia fundo lililokuwamo. Kifungu cha kuifuta NHIF kilikuwa ndani ya sheria mpya. Basi aliyeipinga mpya alikuwa, apende asipende, anaipigania ile ya kale. Kwa mwaka mzima mgonjwa hakujua ni ipi kati ya mbili iliyo hai.

Sasa tufanye hesabu, tuone nani alipoteza na nani alipata. Sheria mpya hukata asilimia 2.75 ya mshahara wote. Mwenye mshahara wa shilingi 20,000, aliyekuwa akikatwa 750, sasa hukatwa 550. Mwenye 100,000, aliyekuwa akikatwa 1,700, sasa hukatwa 2,750. Wa juu alilalamika, na sauti yake yasikika mbali. Wa chini alipunguziwa, na shukrani yake haikuandikwa magazetini. Hivyo ndivyo ilivyo katika siasa: anayepoteza hupiga kelele leo, anayefaidi hungoja aone.

Na mtu wa Kawangware je? Kiasi chake cha chini kabisa kiliwekwa shilingi 300 kwa mwezi, pungufu ya zile 500 za zamani. Lakini kwa kuwa hana karatasi ya mshahara, nyumba yake hupimwa uwezo kwa maswali, na alitakiwa alipe mchango wa mwaka mzima kwa mara moja, yaani si chini ya shilingi 3,600. Mwenye mshahara hulipa mwezi kwa mwezi; mwenye pato la siku akatakiwa kulipa mwaka kwa mwaka! Kwa mtu anayenunua unga kwa kipimo cha siku, hiyo si nafuu, hata kama hesabu yasema ni nafuu. Baadaye mpango wa kulipa kidogo kidogo ulibuniwa, na hilo laonyesha kwamba ugumu ulionekana baada ya kufuta, wala si kabla.

Ewe kijana usomaye, huenda siku moja ukawa mbunge, hakimu, mwandishi au mpiga kura tu. Ukisikia mtu akisema kwamba sheria fulani ni mbaya na ifutwe, usimbishie haraka wala usimshangilie haraka. Muulize maswali matatu: ni nani anayeitegemea sasa, ni nini kitakachowekwa mahali pake, na je, yule asiye na chama wala karatasi ya mshahara ameulizwa? Mbachao waweza kutupwa, tena mara nyingine yapasa utupwe, maana mkeka uliooza haulaliki. Lakini kwanza msala utandikwe chini, na mgonjwa alazwe juu yake.