Mwani Kero: Jina Linaloelekeza Tiba

Mwani kero ni mwani wowote unaoota usipotakiwa, kwa wingi unaowanyima viumbe wengine nafasi, mwanga au oksijeni. Wanaouhitaji msamiati huu zaidi ni wafugaji wanaojaza tangi la kioo maji ya chumvi, mawe na matumbawe hai. Lakini unamfaa vilevile mfugaji wa perege wa Lusewa, Namtumbo, mkoani Ruvuma, aliye mbali na bahari, kwa sababu kinachoota tangini na kinachoota bwawani hula chakula kimoja.

Kwa nini isitoshe kusema mwani tu? Huko Unguja, tangu kilimo chake kishike kasi mwishoni mwa miaka ya 1980, mwani ni zao: vigingi, kamba, na kina mama wanaoshuka pwani maji yakipwa. Bara, watu husema utando wa kijani, au maji ya kijani. Kisayansi vyote ni mwani, kuanzia ule wa seli moja hadi ule mrefu unaoanikwa juani. Jina linalobeba riziki ya watu haliwezi kubeba na adha bila kuongezewa neno.

Jina mwani mbaya halifai, kwani hakuna aina iliyo mbaya kila mahali. Mwani sumu ni kitu kingine, maana kuna mwani unaotoa sumu kwelikweli. Gugu maji lina mwenyewe, lile lililovamia Ziwa Viktoria. Kero ndilo neno ambalo Mtanzania hulitumia kila siku kwa jambo linalomsumbua na linalodai kutatuliwa: kero ya maji, kero ya barabara. Na muundo wake umezoeleka, kama mbwa mwitu au bata maji.

Tangi jipya hushikwa na kero hii kwa sababu halijapevuka. Mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki huoza na kutoa amonia. Bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa nitriti, na wa kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kuenea kwenye mawe. Nitrati ikikutana na fosfati na mwanga, mwani umeandaliwa karamu. Mara nyingi hutangulia vumbi la kahawia juu ya mchanga na kioo: ni diatomu, ambao hujenga maganda yao kwa silika. Hufuata utando wa kijani, kisha nyuzi ndefu laini zinazoyafunika matumbawe hadi yakakosa mwanga. Utando mwekundu unaoteleza na kushika viputo si mwani, ni sianobakteria, ingawa nao hustawi kwa rutuba iliyozidi.

Mkulima wa Ruvuma anazifahamu nitrojeni na fosfati kupitia mifuko ya mbolea: DAP ya kupandia ina asilimia 18 ya nitrojeni na 46 ya fosfati; urea ya kukuzia ina asilimia 46 ya nitrojeni. Bwawani, samadi hufanya kazi hiyohiyo, tena kwa makusudi, kwa kuwa maji ya kijani ni lishe ya perege. Kipimo cha rutuba hiyo ni mkono. Uzamishe wima taratibu. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, rutuba imezidi. Usiku mwani hautoi oksijeni, bali huitumia, na alfajiri utawakuta perege juu ya maji, midomo wazi, wakihema. Ni mwani uleule uliowalisha juma lililopita. Kilichobadilika ni kiasi.

Basi tiba ni kuunyima chakula. Kwenye tangi, wape samaki kile watakachokimaliza kwa dakika chache. Badilisha sehemu ya maji, mathalani moja ya kumi kila wiki, na utumie maji yaliyochujwa madini kabla ya kutiwa chumvi, kwani ya bomba yanaweza kuja na nitrati, fosfati na silika. Punguza saa za taa. Ng'oa nyuzi kwa mkono uzitoe nje. Zikifia ndani huoza na kurudisha chakula kilekile, na ndiyo maana dawa ya kuua mwani peke yake haimalizi kero. Kisha leta walaji, kama konokono na samaki aina ya kangaja. Baharini kazi hiyo ni ya pono na tafi. Katika Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, ni ya mbuna, wanaokwangua mwani maweni na ambao wafugaji wa samaki wa mapambo duniani huwaita kwa jina hilohilo. Kwenye bwawa, simamisha samadi, punguza chakula, ingiza maji mapya.

Kazi hii haiishii ukingoni mwa bwawa. Mito ya kusini mwa Namtumbo humwaga maji yake katika Mto Ruvuma, nao mto huo huingia Bahari ya Hindi palipo na hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, yenye matumbawe yake. Mbolea iliyofukiwa shimoni karibu na mbegu hulisha mahindi. Iliyomwagwa juu ya ardhi kabla ya mvua kubwa huenda kulisha mwani wa watu wengine. Udhibiti wa mwani kero uanzie hapo, shambani.