Mtoto wa Sandukuni na Wanaomngoja

Kwetu pwani, mama alipofariki katika uzazi, mtoto hakungoja amri ya hakimu. Bibi alimchukua, au mama mdogo, na kama alikuwapo jirani anayenyonyesha basi alimpa ziwa pamoja na mwanawe, na tangu siku hiyo nyumba mbili zikawa ni moja katika mambo ya ndoa. Hapa Uingereza mambo yalipita njia nyingine kabisa. Na kwa kuwa zipo nyumba zetu zinazofikiri kumchukua mtoto mchanga aliyelazwa hospitali naye hana wa kumpokea, yafaa tujue njia hiyo imetoka wapi.

Katika London, nahodha mmoja mstaafu, Thomas Coram, alipata hati ya Mfalme mwaka 1739 ya kufungua nyumba ya watoto waliotupwa. Watoto wa kwanza walipokelewa mwaka 1741, wakapelekwa mashamba kwa wanawake wa kuwanyonyesha kwa ujira. Mama aliacha kipande cha nguo au sarafu iliyokatwa, ili siku akirudi amtambue mwanawe. Baina ya 1756 na 1760 Bunge lilitoa fedha kwa sharti kwamba asirudishwe mtoto yeyote. Wakaletwa karibu 15,000, na zaidi ya 10,000 wakafa. Huruma ilikuwapo; kilichokosekana ni maziwa na joto.

Joto lilipatikana Paris. Daktari Stéphane Tarnier aliona vyombo vya kuangulia vifaranga katika bustani ya wanyama, akamwomba fundi wa hapo amtengenezee sanduku kama lile kwa ajili ya watoto njiti, wale ambao wazee wetu wakiwaita wa miezi saba. Kabla ya hapo, katika kila watoto 100 waliozaliwa chini ya kilo mbili, 66 walikufa. Baada yake wakafa 38. Hata hivyo hospitali nyingi hazikutaka gharama ile, na mtu mmoja aitwaye Martin Couney akayatembeza masanduku hayo katika maonyesho, watu wakilipa kiingilio kutazama watoto. Alifika Earl's Court hapa London mwaka 1897, na huko Coney Island, New York, alikaa tangu 1903 hadi 1943. Ni aibu kwa upande mmoja, lakini fedha za kiingilio ndizo zilizowalipa wauguzi, na wazazi hawakudaiwa hata senti. Uingereza ilipata wodi yake ya kwanza ya watoto njiti mwaka 1931 huko Birmingham, chini ya Daktari Mary Crosse.

Pumzi ndiyo iliyosumbua zaidi. Mwaka 1963 mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani, aliyezaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati, alikufa baada ya saa 39 kwa sababu mapafu yake hayakukomaa, na hapana utajiri uliomfaa. Mwaka 1971 madaktari wa San Francisco wakiongozwa na George Gregory walieleza namna ya kuyaweka mapafu wazi kwa msukumo mdogo wa hewa, na tangu hapo wengi waliokuwa wakifa walianza kupona.

Sasa tuje kwenye sheria. Mpaka mwaka 1926 Uingereza haikuwa na sheria yoyote ya kuasili mtoto. Ilipokuja, ilimkata mtoto na wazazi wake wa kwanza na kumwunga kwa wapya. Mwaka 1949 ikaongezwa kwamba ridhaa ya mama haifai kitu mpaka mtoto atimize wiki sita, kwani mwanamke aliyetoka kujifungua hawezi kuulizwa jambo zito namna hiyo. Mwaka 1968 palitolewa amri karibu 25,000 katika England na Wales, nyingi za watoto wa mama wasioolewa. Lakini zama zile daktari alimpima mtoto kama anafaa kuasiliwa, na aliyezaliwa na maradhi ya moyo au aliyekaa sana sandukuni mara nyingi aliwekwa kando. Watoto weusi na wa Kiasia nao waliambiwa ni vigumu kupata watu. Neno hilo liliwauma wengi, na ni haki liume.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mama asiye na mume hasukumwi tena kumtoa mwanawe, na watoto walioasiliwa kutoka katika malezi ya serikali ya England mwaka 2023 walikuwa karibu 3,000 tu. Baadhi ya wachanga miongoni mwao huanza maisha yao hospitali, wengine kwa sababu mama alitumia dawa za kulevya naye mtoto akazaliwa anazo mwilini, akitetemeka na kulia bila ya kunyamaza.

Hapa ndipo penye mtihani kwa anayengoja. Mtoto yumo wodini, na wewe umekwisha kumpenda, lakini karatasi ya kuruhusu upasuaji huiwezi kuitia saini. Mwenye mamlaka ni mama aliyemzaa, na serikali ya mtaa ikiwa mahakama imeipa sehemu. Mlezi hupata sehemu yake baada ya mtoto kuwekwa kwake rasmi, wala si kwa kukaa kitako kando ya sanduku. Wiki sita za ridhaa zingalipo. Tena mama anaweza kugeuza nia mpaka ombi la kuasili lifike mahakamani, na mtoto sharti awe amekaa na walezi wiki kumi kabla ya ombi hilo. Ndugu na majirani wanaoleta zawadi na kumpa mtoto jina siku ya tatu huongeza mzigo. Heri walete chakula, wakae.

Kisha lipo la dini. Aya za mwanzo za Sura ya Ahzab zimekataa mtoto wa kulea kuitwa kwa jina la asiyemzaa, na kisa cha Zayd bin Haritha kinajulikana. Kulea hakukukatazwa, bali ni katika amali bora. Kilichokatazwa ni kubadili nasaba. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 umeitaja kafala kwa jina lake. Na hapa Uingereza, tangu tarehe 30 Desemba 2005, iko amri ya ulezi maalumu: mlezi hushika mambo mengi makubwa mpaka mtoto atimize miaka 18, nasaba ikabaki ilipo. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyo karibu na ada yetu, ingawa haimpi mtoto urithi, naye aandikiwe wasia usiozidi theluthi.

Linabaki la ziwa, nalo ndilo linalowapa akina mama nafasi ya kutenda. Katika madhehebu ya Shafi, manyonyesho matano mbalimbali kabla ya kutimia miaka miwili humfanya mtoto kuwa mwana wa ziwa. Maziwa yaliyofika tumboni kwa kumiminiwa kinywani au kupitia puani nayo huhesabiwa, basi njiti anayelishwa kwa mpira hakutoka katika hukumu hii. Dada wa mlezi anayenyonyesha akikamua, na hospitali na mwenye mamlaka wakiridhia, mtoto akikua hatokuwa mgeni katika nyumba ile, wala pasiwe na haja ya mama mlezi kujifunika mbele ya kijana aliyemlea.

Lakini maziwa ya benki ni jambo jingine. London imekuwa na benki ya maziwa katika hospitali ya Queen Charlotte's tangu 1939, na kwa njiti mdogo sana huwa ni kinga dhidi ya maradhi ya matumbo. Baraza la Fiqhi la Jeddah liliyakataza mwaka 1985, likihofia watu kuoana na ndugu zao wa ziwa bila ya kujua. Baraza la Fatwa la Ulaya liliyaruhusu mwaka 2004 penye haja. Daktari akisema mtoto anayahitaji, apewe, na mlezi aulize siku ile ile kama aliyeyatoa ni mmoja au wengi, na kama nambari yake imeandikwa. Karatasi za milo hubaki hospitali. Anayeruhusiwa kupata nakala aichukue, aitie pamoja na cheti cha kuzaliwa.